Kabla ya kuuliza bei ya maji, jua mhojiwa anahesabia wapi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu maji katika kata moja ya pembezoni mwa mji. Kaya nyingine zina bomba lenye maji ya mgao, nyingine zinanunua madumu kwa wenye mikokoteni. Kwenye dodoso la majaribio niliwauliza baadhi ya wenye bomba wangeongeza kiasi gani kwenye bili ya mwezi ili wapate siku mbili zaidi za maji kwa wiki, na wengine wangetaka bili ipunguzwe kiasi gani iwapo siku mbili zingeondolewa. Majibu ya swali la pili ni makubwa mno kuliko ya swali la kwanza. Tena nikianza na bei ya juu, watu nao wanataja bei za juu. Nimeambatanisha na kadi za chaguo ninazotaka kuzitumia, ambazo kila moja inamtaka mhojiwa achague mpango mmoja wa maji kati ya kadhaa. Msimamizi wangu anasema nifute swali la pili kwa sababu watu hawajui wanachokitaka. Je, tatizo ni watu au ni dodoso?

Marahaba. Niseme mapema kwamba hoja ya msimamizi wako siikubali, ingawa ushauri wake una msingi, nami nitaufikia. Watu wako wanajua wanachokitaka. Umewauliza maswali mawili, nao wamekupa majibu mawili.

Kwenye karatasi yako siku mbili ni siku mbili, ziongezwe au ziondolewe. Nyumbani kwa mhojiwa mambo hayako hivyo. Mchukue mama mwenye bomba linalotoa maji siku nne kwa wiki. Nyumba yake ameshaipanga kufuata siku hizo nne: ana pipa moja na ndoo kadhaa, siku ya kufua inajulikana, na siku ya watoto kuoga maji ya kubania inajulikana pia. Ukimwongezea siku mbili atashukuru, na kazi zitapungua kidogo. Ukimwondolea siku mbili, mpango wote unavunjika. Pipa halitoshi tena, itabidi amwite mwenye mkokoteni, na hela ya madumu itatoka kwenye hela ya mboga. Hali aliyo nayo leo ndiyo anayosimama juu yake anapopima kila unachomwambia. Hiyo ndiyo nukta yake ya rejea: hali anayoihesabu kuwa ya kawaida kwake, kilicho juu yake akikiona faida na kilicho chini yake akikiona hasara.

Daniel Kahneman na Amos Tversky walilijenga wazo hili kuwa nadharia kamili mwaka 1979. Nadharia iliyotawala kabla yao ilichukulia kwamba mtu anapoamua hutazama jumla ya mali atakayobaki nayo. Wao wakaonyesha kwamba hutazama mabadiliko kutoka pale alipo, na kwamba hasara humuuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Katika makala yao ya mwaka 1992 walikadiria kwamba shilingi iliyopotea ina uzito wa karibu mara 2.25 wa shilingi iliyopatikana, kwa wahojiwa wao na kwa bahati nasibu walizowapa. Usiihamishe namba hiyo kwenye maji ya kata yako. Ninaitaja ili ujue kwamba pengo uliloliona halikuanzia kwako.

Lilionekana hata kabla ya nadharia yenyewe. Mwaka 1974 Judd Hammack na Gardner Brown walichapisha utafiti wa wawindaji wa mabata wa Marekani. Walipoulizwa wangelipa kiasi gani wasiikose haki ya kuwinda kwa msimu, wastani ulikuwa dola 247. Walipoulizwa wangepokea kiasi gani ili waiachie haki hiyohiyo, wastani ulikuwa dola 1,044. Mwaka 2002 John Horowitz na Kenneth McConnell walikusanya tafiti nyingi za aina hii na kukuta kwamba kwa wastani fidia inayotakiwa ni kama mara saba ya malipo ambayo watu wako tayari kuyatoa. Kwa bidhaa za dukani pengo lilikuwa dogo. Kwa vitu visivyo na soko, kama hewa safi au mazingira, lilikuwa kubwa.

Jaribio linalokuhusu zaidi ni la vikombe, lililochapishwa mwaka 1990 na Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler. Wanafunzi waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza walipewa kikombe na kuulizwa wangekiuza bei gani. La pili hawakupewa, wakaulizwa wangekinunua bei gani. La tatu waliambiwa wachague: kikombe au fedha, na waseme fedha hizo zikifika kiasi gani wangezipendelea kuliko kikombe. Bei ya katikati ya wauzaji ilikuwa dola 7.12, ya wanunuzi dola 2.87, na ya wale wa kuchagua dola 3.12. Ukitazama hesabu zao, wauzaji na wachaguaji wako sawasawa kabisa: kila mmoja mwishoni ataondoka ama na kikombe ama na fedha. Kilichowatenganisha ni kwamba muuzaji alikuwa ameshakishika kikombe, akakihesabu kuwa chake. Likumbuke kundi hili la tatu, maana nitakushauri ulitumie.

Hata hivyo, pengo lote usilibebeshe uchungu wa hasara. Michael Hanemann alionyesha mwaka 1991 kwamba hata nadharia ya kawaida ya uchumi inaruhusu pengo kubwa pale kitu kinapokosa mbadala wa karibu. Miaka mitatu baadaye Jason Shogren na wenzake walikuta kwamba kwa vitu kama peremende na vikombe pengo lilifutika kadiri watu walivyorudia mnada, lakini lilibaki pale kilichokuwa mezani kilipokuwa hatari ya kuugua kutokana na chakula. Maji yako karibu zaidi na chakula hicho kuliko na peremende. Zaidi ya hapo, malipo yana kikomo na fidia haina. Mama yule hawezi kukutajia nyongeza inayozidi kilichomo mfukoni mwake, hata kama siku mbili za maji zina thamani kubwa sana kwake. Fidia anaweza kuitaja bila mfuko wake kumbana. Kwa hiyo katika kata yenye kipato kidogo, swali la malipo linapima maji na umaskini kwa pamoja, na ukisoma majibu yake kana kwamba ni maji tu, utawapunja walio hali ya chini kuliko wote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona dodoso lako halijaligusa kabisa: hujui wahojiwa wako wanahesabia wapi. Umechukulia kwamba kata nzima ina hali moja iliyopo. Haina.

Kaya isiyo na bomba haina bili kichwani. Inayo bei ya dumu la lita 20. Tuseme dumu ni shilingi 300 na nyumba inatumia madumu matano kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa siku, yaani 45,000 kwa mwezi wa siku 30. Ukimuuliza mwenye nyumba hiyo kama atalipa bili ya 20,000 kwa mwezi, usishangae akikuambia ni ghali, kwa kuwa hajawahi kuona 20,000 ikitoka kwa mkupuo kwa ajili ya maji. Ukimuuliza kama atalipa shilingi 700 kwa siku, anaona ameokoa zaidi ya nusu, ingawa kwa mwezi inafika 21,000. Usikimbilie kusema amekosea hesabu. Anayepata riziki yake kwa siku ana sababu nzuri ya kuogopa deni la mwisho wa mwezi. Ila wewe mtafiti, kwa kuchagua neno "mwezi" badala ya "siku", umemchagulia mahali pa kuanzia.

Kuna na kaya ambayo haitoi hata senti. Binti anakwenda kisimani. Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya, ilichunguzwa kwa jicho hilo na Dale Whittington, Xinming Mu na Robert Roche, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Hawakutegemea watu kutamka bei; waliangalia walichokuwa wakikifanya. Wengine walichota visimani, wengine walinunua kwenye vioski, wengine waliletewa na wachuuzi hadi mlangoni kwa bei ya juu kuliko ya kioski. Kutokana na chaguo hizo wakakadiria thamani ya muda unaotumika kuchota, wakakuta iko karibu na ujira wa kibarua asiye na ujuzi maalumu. Kwa hiyo familia ya kisimani inalipa, na inalipa sana, ila inalipa kwa saa. Ukiipelekea swali la shilingi tupu, mahali pake pa kuanzia ni sifuri na kila bei utakayoitaja ni hasara. Waulize kwanza nani anachota, anatumia muda gani, na angekuwa anafanya nini kama asingechota. Hapo swali la bei linakuta saa zile nazo zimehesabiwa.

Usisahau ahadi. Botond Kőszegi na Matthew Rabin walieleza mwaka 2006 kwamba nukta ya rejea inaweza kuwa kile ambacho mtu anakitarajia, hata kama hajakipata. Kama kwenye kata yako kuna mtu aliyesimama mkutanoni akaahidi maji ya kila siku, wapo wahojiwa ambao akilini mwao maji hayo ni yao tayari, yamecheleweshwa tu. Ukiwauliza watalipa kiasi gani kuyapata, watakuambia sifuri, na sifuri hiyo haimaanishi kwamba hawayathamini. Wanakataa kulipia mara ya pili kitu wanachoona wanadaiwa wapewe. Weka swali moja baada ya kila sifuri: "Kwa nini?" Andika jibu kwa maneno yao wenyewe. Katika tafiti nyingi za maji mstari huo mmoja una faida kuliko kurasa mbili za takwimu za kaya.

Kuhusu bei ya kuanzia: umeliona mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kufikiria thamani ya siku moja ya maji hukamata namba ya kwanza anayosikia, kama mnunuzi wa mitumba anavyoanza kupunguza kutoka bei aliyotajiwa na muuzaji. Wapo wanaotumia mbinu ya kuuliza bei mara mbili, ukikubali wanapanda, ukikataa wanashuka. Inaokoa sampuli, lakini bei ya kwanza inageuka kuwa nukta mpya ya rejea. J. R. DeShazo alionyesha mwaka 2002 kwamba kasoro hujitokeza hasa bei inapopandishwa baada ya mtu kukubali. Mtu amesema ndiyo kwa 5,000, akilini mwake mkataba umefungwa. Unaporudi na 10,000 anajiona amenyang'anywa kitu, na anaikataa bei ambayo pengine angeikubali kama ingekuwa ya kwanza. Kwa shahada ya uzamili mimi ningemuuliza kila mhojiwa bei moja tu, ndiyo au hapana, bei zikipangwa kwa bahati nasibu kati ya kaya. Utahitaji watu wengi zaidi. Ni gharama inayofaa kubebwa.

Nimetazama na kadi zako. Safu ya kwanza ya kila kadi imeandikwa "Hali iliyopo: maji siku 3, nyongeza ya bili 0". Mpango A ni siku 5 kwa nyongeza ya 4,000, Mpango B siku 7 kwa 9,000. Sasa mpe kadi hiyo mhojiwa anayepata maji siku moja tu, kisha mpe anayepata siku tano. Wa kwanza ataona kadi inamwambia habari za nyumba ya mtu mwingine. Wa pili akichagua Mpango A analipa 4,000 ili abaki palepale alipo, basi atachagua hali iliyopo, nawe utaandika kwamba hapendi mabadiliko. William Samuelson na Richard Zeckhauser walionyesha tangu mwaka 1988 kwamba watu huegemea hali iliyopo kupita kiasi, kwa hiyo mvuto huo upo kweli. Ila kwa kadi hizi hutaweza kuutenganisha na kosa la kadi.

Acha safu ya kwanza wazi. Mdadisi aulize kwanza: wiki iliyopita maji yalitoka siku ngapi, yalikaa saa ngapi, mlinunua madumu mangapi, mlilipa nini. Kisha ajaze safu hiyo kwa penseli mbele ya mhojiwa, juu aandike "Hali yako kama ulivyonieleza", na mipango mingine ihesabiwe kwa kuongeza au kupunguza kutoka hapo. Watafiti wa usafiri wamelizoea jambo hili. Bruno De Borger na Mogens Fosgerau, katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2008, walianza na safari ambayo mhojiwa ameifanya kweli, wakabadilisha muda na gharama kuizunguka safari ile. Waliuliza pande zote nne: kulipa ili kuokoa muda, kupokea fedha kwa kuchelewa, kuchagua kati ya faida mbili, na kuchagua kati ya hasara mbili. Majibu yalipishana kwa namna ambayo nadharia ya nukta ya rejea ilikuwa imeitabiri, na hivyo wakaweza kukadiria thamani ya muda iliyosafishwa mvuto huo.

Nifike sasa kwa msimamizi wako. Ushauri wake una historia. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka Prince William Sound, Alaska, ikamwaga galoni zipatazo milioni 11 za mafuta ghafi. Serikali ya jimbo iliwaweka Richard Carson na wenzake wapime hasara ya Wamarekani ambao hata hawakuwahi kufika huko. Walihoji kaya 1,043 ana kwa ana, wakawaeleza mpango wa meli za kusindikiza ambao ungezuia ajali nyingine kama ile katika miaka kumi, kisha wakauliza kama wangeupigia kura ikiwa gharama ni kodi ya mara moja ya kiasi fulani. Makadirio ya katikati yalikuwa dola 31 kwa kaya, jumla dola bilioni 2.8 kwa nchi nzima. Ubishi uliofuata ulikuwa mkali, na idara ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, ikaunda jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote washindi wa Nobel. Mwaka 1993 jopo likashauri swali liwe la kulipa, lisiwe la fidia, kwa sababu linatoa makadirio ya chini na ya tahadhari. Msimamizi wako anasimama hapo.

Lakini jopo halikusema kwamba anayetaja fidia kubwa hajui anachokitaka. Knetsch, yuleyule wa vikombe, ametetea kwa miaka mingi kwamba kipimo kifuate nukta ya rejea ya watu wenyewe: mtu anaponyang'anywa alichokuwa nacho, kipimo sahihi ni fidia, na kumuuliza angelipa kiasi gani ili asinyang'anywe ni kumfanya ainunue haki yake. Mimi niko upande wake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya takriban shilingi za Kenya bilioni 1.76. Hakuna aliyetegemea kwamba wavuvi wale wangeulizwa kwanza wako tayari kulipa nini ili bahari yao iachwe, na hilo lilikuwa sawa kabisa.

Kwa hiyo swali la kumrudishia msimamizi wako linahusu mradi. Kama mamlaka ya maji itachimba kisima kipya na kila kaya ipate zaidi, swali la kulipa linatosha. Kama itaongeza wateja wapya kwenye bomba lilelile na kupunguza siku za wateja wa zamani, basi mradi mmoja una wanaopata na wanaopoteza, na ukifuta swali la pili umewafuta wanaopoteza. Uliza mamlaka mpango ni upi kabla hujachapisha dodoso la mwisho.

Kwa utafiti mkuu, yabakishe maswali yote mawili kwa makundi tofauti ya wenye bomba, na uongeze la tatu kwa kundi jingine: "Mamlaka inaweza kukuongezea siku mbili za maji au kukupunguzia bili kwa kiasi hiki. Ungechagua lipi?" Hao ni wachaguaji wa vikombe. Hakuna anayenyang'anywa kitu, na jibu lao huangukia mahali ambapo mvuto wa hasara umepungua sana, pia mfuko haumbani mtu kama kwenye swali la kulipa. Wanunuzi wa madumu waripoti peke yao, kwa bei ya siku. Ningetegemea majibu yao yawe na utulivu zaidi, kwa kuwa maji wanayanunua kila asubuhi. John List alikuta mwaka 2003 kwamba wafanyabiashara wazoefu wa kadi za wanamichezo na kumbukumbu zao hawakung'ang'ania kitu walichopewa kama wasio wazoefu walivyofanya. Lipime, usilichukue kwangu.

Mwisho, wape muda. Utafiti mmoja wa maji wa Whittington na wenzake nchini Nigeria, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba waliopewa nafasi ya kulifikiria swali hadi siku iliyofuata walitaja malipo ya chini kuliko waliojibu papo hapo. Mwachie mama kadi usiku mmoja, azungumze na wenzake wa nyumbani, mdadisi arudi kesho kuchukua jibu. Na majibu ya majaribio uliyonayo usiyatupe. Yatenganishe kwa idadi ya siku za maji ambazo kila kaya inapata sasa, uchore pengo kwa kila kundi, na jedwali hilo ndilo uingie nalo ofisini kwa msimamizi wako.